Stamili na Galaksi Zilizopauka

Mama Hamida hana kitako. Namfahamu mwaka wa kumi na tisa huu na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti alichokianzia. Akija dukani kwangu hapa Newala, kwenye steshenari ninapochapa barua za watu na kutoa nakala, husimama, huzunguka, hupanga karatasi ambazo sikumwomba azipange, kisha huuliza saa ngapi na saa iko ukutani mbele yake. Mimi nami si mtu wa subira. Fikiria watu wawili wa namna hiyo kwenye chumba kimoja chenye kompyuta moja.

Jina lake ni Stamili. Kwao ni Chiwata, upande wa Masasi, akaolewa huku juu. Ameuza chumvi, ameshona sare za shule, ameuza maandazi, amefuga bata. Kila kazi aliikimbia baada ya miezi minne au mitano. Si mvivu, nisije nikamsingizia. Kazi huiona mwisho wake mapema, basi iliyobaki humchosha. Moja tu hajaiacha tangu akiwa na miaka tisa, nayo ni kuchambua korosho. Msimu ukifika utamkuta kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, kwenye turubai, miguu ameinyoosha, mikono yote miwili inakwenda. Hapo hukaa kutwa.

Alifundishwa na mama yake. Wanawake wa Chiwata wa rika lile walikuwa na namna yao: unalipa jua mgongo, unamwaga korosho mbele yako, na jicho la kwanza ndilo linaloamua. Nzuri inang'aa kidogo, ngozi imekaza. Yenye madoa au iliyopauka inatupwa pembeni papo hapo. Mama yake alikuwa akimwambia, "Iliyopauka usiitazame mara mbili. Ukiitazama mara mbili utaihurumia, na huruma inaharibu gunia." Stamili alikuwa akilirudia neno hilo kwa majivuno, maana hapakuwa na mchambuzi aliyemfikia kwa kasi, si Newala, si Masasi.

Sasa ya nyota. Miaka miwili iliyopita alikuja kuchapa fomu ya shule ya binti yake. Mtandao ulikuwa unasuasua, na kwenye kompyuta mwanafunzi mmoja alikuwa ameacha ukurasa wazi: picha ya kijivu yenye vinukta vingi, na chini yake vitufe vitatu. Ndiyo. Hapana. Sijui. Stamili aliuliza, "Hii wanachambua nini?"

Nilimsomea kilichoandikwa. Kuna galaksi kubwa ya jirani, jirani kwa hesabu za huko juu, maana mwanga wake unasafiri miaka zaidi ya milioni kumi hadi kutufikia. Galaksi kubwa huwa na galaksi vibete zinazoizunguka, nazo ni hafifu mno. Wataalamu wanadhani ziko nyingi kuliko zilizokwisha kuonekana, na wanataka kujua ziko ngapi ili waelewe galaksi kubwa ilivyokua. Darubini imepiga picha maelfu, mashine inakosea, basi wanaomba macho ya watu. Kundi la nyota inakoonekana galaksi hiyo linaitwa Mchongaji. Hapo nikasonya. Ukienda Dar ukisema umetoka Newala, mtu anakuuliza kinyago, kana kwamba tumezaliwa na patasi mkononi. Hata mbinguni wametufuata.

Stamili hakucheka. Alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti changu. Alibonyeza hapana, hapana, hapana, ndiyo, hapana, kwa mwendo uleule wa ghalani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa saa mbili bila kuuliza saa.

Tangu siku hiyo alikuwa akija karibu kila siku mchana. Watu walimtania. Mudathiri fundi baiskeli wa jirani alimwuliza mtu gani anatazama nyota saa nane mchana. Stamili alimjibu, "Nnazitazama zilizokwisha vunwa." Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwaka wa pili, mwezi wa sita, ikaja barua. Mratibu wa kazi ile, mwanamke anayeitwa Helena, anaishi nchi za baridi huko, aliandika kwamba kati ya watu wote waliojitolea Stamili ni wa nne kwa kasi, na kwenye picha za majaribio, zile walizopachika galaksi za uongo ili kuwapima watu, hajakosea hata moja. Amempandisha, sasa ni mkaguzi. Na majina ya wakaguzi yataandikwa kwenye makala ya kitaalamu pamoja na ya wanasayansi.

Ukaguzi maana yake ni hii. Mtu wa kawaida akisema hapana, picha inakwenda kwa mwingine, na mwingine, hadi watu kumi na watano. Mkaguzi akisema hapana, picha imefungwa. Hakuna atakayeifungua isipokuwa yeye mwenyewe.

Stamili alipanda gari hadi Chiwata siku hiyohiyo kumweleza mama yake. Alirudi kesho yake, akanieleza kwamba mama yake aliuliza swali moja tu, kama jina lake litaandikwa lote au nusu. "Lote," alimwambia. "Stamili Anwari Chinguile." Baba yake, Anwari, alifariki akiwa hajawahi kuona jina lake kwenye karatasi nyingine ila kadi ya kupigia kura. Nilimwona Stamili akiyafuta macho kwa ncha ya kanga, akajifanya ni vumbi.

Basi tukafika Novemba ya mwaka jana, msimu umepamba moto. Ilikuwa Jumapili, lakini ghala lilikuwa wazi kwa sababu korosho zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni. Mimi nimetoka kanisani, nimefungua duka nusu mlango. Saa tano Stamili akaingia na vumbi la ghala hadi kwenye kope. Hakusalimia. Mtu anayeniamkia kila siku kwa sababu nimemzidi miaka minane, siku hiyo shikamoo ilimpotea.

"Mama Emmanuel, washa kompyuta."

"Kuna nini?"

"Washa tu."

Nilimwangalia anavyozunguka chumba. Hapo ndipo aliponieleza. Ghalani alikuwa ameketi na Naima, mama mmoja wa Lulindi aliyehamia kwetu msimu ule, mchambuzi wa polepole, wa kuudhi. Naima aliokota korosho ambayo Stamili alikuwa ameitupa, akaigeuza, akamwuliza, "Hii mbona nzito?" Stamili akamwambia iache, imepauka. Naima hakuiacha. Aliipasua kwa kisu cha kupimia ubora. Ndani nyeupe, nzima, imejaa. Wakapasua kumi kutoka kwenye rundo la kutupwa. Nne zilikuwa nzima.

"Sasa korosho nne," nikasema, "ndiyo ya kunifungulisha kompyuta Jumapili?"

"Si korosho," akasema. "Picha."

Alifungua picha zake za zamani, zile alizozikataa tangu awe mkaguzi. Akachagua moja, akanionyesha kwa kidole. Sikuona kitu. Akaniambia nihesabu mpaka kumi bila kupepesa. Nilipofika saba nikaona, au nilidhani nimeona, sehemu moja ya kijivu iliyo nyeupe kidogo kuliko kijivu kingine, pana, haina ukingo, kama mahali palipomwagika maji ya mchele yakakauka.

"Galaksi za uongo walizonipima nazo zilikuwa ndogo na zimekaza," akasema. "Ndiyo maana sikukosea. Hizi zilizosambaa zinafanana na korosho iliyopauka. Mkono wangu unazitupa kabla sijajua nimezitupa. Nimezikataa picha elfu moja mia moja na arobaini, Mama Emmanuel, na zote zimefungwa."

Nilimwuliza kazi ile inafungwa lini. Akasema Ijumaa, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Baada ya hapo orodha ya zinazoshukiwa kuwa galaksi vibete inapelekwa kwenye darubini kubwa zaidi, ambayo nafasi yake inagombewa na watu wa dunia nzima, na ikishapelekwa haiongezwi kitu. Isiyokuwemo itakaa huko ilikokaa miaka yote hiyo na hakuna atakayeiuliza.

"Mwandikie Helena," nikasema, kisha papo hapo nikajirudi. "Hapana, usimwandikie. Watakuondoa."

"Nnajua wataniondoa." Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. "Nikizirudia zote kabla ya Ijumaa, hakutakuwa na cha kumwandikia."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Asubuhi yeye yuko ghalani hadi saa nane, hawezi kuliacha msimu unapochanganya. Kuanzia saa nane hadi jioni anakaa kwenye kompyuta. Jumatatu alipiga hesabu akaona hatamaliza. Akaniomba mimi nizirudie asubuhi, nikitumia jina lake. Alinifundisha: hesabu hadi kumi, tazama mara mbili, mara ya pili tazama pembeni kidogo ya kile unachokitafuta, maana jicho huona kilicho hafifu likiwa halikikodolei. Ukiwa na wasiwasi bonyeza sijui. Aliponifundisha alikuwa amesimama nyuma yangu, anatikisa mguu hadi meza inacheza.

Jumanne nilifanya vizuri. Nasema kweli, nilizitazama kama alivyotaka, hata macho yakawa yanatoa machozi. Yeye mwenyewe mchana wa siku hiyo alipata moja ya kubadilisha kuwa sijui, na Jumatano mbili. Kila akiipata alifurahi na kuumia kwa pamoja, nikawa nasikia anavyopumua. Jumatano umeme ulikatika saa tatu ukarudi saa sita. Alhamisi ilikuwa mwisho wa kuwasilisha fomu za wanafunzi, na watu walipanga foleni hadi kwa Mudathiri, kila mmoja anataka nakala nne na picha ndogo. Mama mmoja amebeba mtoto anayelia. Mwalimu mmoja ananiambia basi lake linaondoka.

Na mimi nilitaka amalize. Hilo nataka lieleweke. Sikutaka kitu kingine duniani wiki ile ila Stamili Anwari Chinguile aandikwe jina lote. Basi kati ya nakala na nakala nilikuwa naufikisha mkono kwenye kompyuta na kubonyeza hapana. Hapana, naweka karatasi. Hapana, napokea fomu. Hapana, hapana. Alipokuja saa nane nilimwambia nimefika mia mbili na kumi. Alinishika mabega kwa mikono yake yenye vumbi na akaniombea dua.

Ijumaa hakwenda ghalani. Aliwaambia anaumwa, na kwa kumtazama alikuwa anaumwa kweli, maana hakuwa amekula. Kufikia saa tisa yeye alikuwa amezirudia mia nne na tisini. Ukijumlisha na zangu, mia saba. Zilibaki mia nne na arobaini na saa tatu. Hata Stamili wa ghalani asingezimaliza, sembuse Stamili wa kuhesabu kumi.

Alizunguka chumba mara sita, nilihesabu.

"Naandika," akasema.

Tuligombana. Nilimwambia hakuna anayejua, hakuna atakayejua, wakaguzi wangapi wa huko kwao wamekosea na wamenyamaza. Nilimwambia anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Nilimwambia kuhusu mama yake, jambo ambalo sikupaswa kulitaja. Alinisikiliza hadi mwisho, na mguu wake ulikuwa umetulia, jambo lililonitisha.

"Mficha uchi hazai, Mama Emmanuel," akasema, akakaa.

Aliandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, sentensi fupifupi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Kwamba yeye ni mchambuzi wa korosho. Kwamba mkono wake umezoea kutupa kilichopauka na amezikataa picha kwa namna hiyo. Kwamba picha mia nne na arobaini bado hazijarudiwa, na namba zake ni hizi hapa, na anaomba wengine wazitazame leo. Ilipofika saa kumi na dakika ishirini aliniita nimsomee, nione kama kuna kosa la maandishi.

Nikasoma. Mahali pa katikati aliandika: picha mia saba nyingine zimerudiwa kwa uangalifu, mia nne na tisini nimezirudia mimi, na mia mbili na kumi amezirudia rafiki yangu Agatha, ambaye namwamini kuliko jicho langu mwenyewe.

Nilisoma hadi mwisho. Nikarudi pale katikati. Nje Mudathiri alikuwa anagonga chuma, na kila akigonga mimi nashtuka. Nilijiambia nitamweleza baada ya barua kwenda. Nilijiambia labda zile nilizozibonyeza hazikuwa na kitu, nyingi hazina kitu, hiyo ni kweli tupu, kwa kila mia huenda isipatikane hata moja. Saa kumi na nusu. Yeye amesimama nyuma yangu anasubiri kosa la maandishi.

"Zangu zitoe," nikasema.

"Zipi?"

"Jana palikuwa na foleni. Kuna nilizobonyeza bila kutazama."

Aliyatoa macho kwenye kioo, akanitazama. Ningependa angenitukana.

"Ngapi?"

"Tisini. Labda mia."

"Zipi?"

"Sizijui, Mama Hamida. Zimechanganyika na nilizozitazama."

Aliniashiria niondoke kwenye kiti. Akafuta sentensi ile yote. Mia nne na arobaini akaifanya mia sita na hamsini, akaongeza namba za picha zangu moja moja kutoka kwenye daftari tulimokuwa tukiziandika wiki nzima, mia mbili na kumi, akizisoma kwa sauti ndogo na mimi nikizifuata kwa rula nisije nikamkosesha tena. Barua iliondoka saa kumi na moja na dakika tano. Jina langu halikuwamo. Alichukua kanga yake, akatoka bila kuaga, nami nikaona anapita dukani kwa Mudathiri bila hata kumjibu salamu, anaelekea kule ukingoni ambako ukisimama unaona bonde lote hadi Mto Ruvuma.

Hakuja wiki mbili. Nilituma salamu kwa watu wa ghalani, zikarudi salamu tupu. Nilikuwa nagombeza wateja. Nilimchapia mtu barua ya kuomba kazi nikaweka tarehe ya mwaka uliopita. Usiniulize nililala vipi.

Majibu yalikuja kwenye anwani yake, nayo hufunguliwa kwangu, kwa hiyo ilibidi aje. Alikuja Jumanne asubuhi. "Shikamoo," akasema. "Marahaba," nikajibu, na hatukuendelea zaidi ya hapo. Akaketi, akasoma, akanigeuzia kioo nami nisome.

Helena aliandika kwa adabu. Alishukuru. Alieleza kwamba kwa kanuni zao mkaguzi ambaye hukumu zake zimetiliwa shaka hawezi kubaki mkaguzi, na kwa hiyo jina lake limeondolewa kwenye makala. Kwamba siku ile ya Ijumaa waliwaita watu waliokuwapo mtandaoni, wakazigawana picha mia sita na hamsini, wakazitazama zote zikiwa zimebaki dakika nane. Nyingi hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa na doa pana, hafifu mno, na limeingizwa kwenye orodha ya darubini kubwa. Bado haijulikani kama ni galaksi kweli. Aliyeliona ni mzee mstaafu wa posta huko kwao, na jina la mzee huyo litaandikwa.

Chini palikuwa na namba ya picha.

Stamili alichukua daftari. Alipitisha kidole kwenye namba zake, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuipata. Akafungua ukurasa wenye namba zangu. Kidole kilisimama karibu na mwisho, kwenye za Alhamisi.

Tuliifungua ile picha. Tulihesabu hadi kumi, kila mtu kimoyomoyo. Ilikuwepo. Ukishaiona huwezi tena kutoiona, na nikashangaa mtu angewezaje kuipita.

"Mimi niliikataa mwezi wa nane," akasema Stamili. "Wewe ukaikataa Alhamisi."

Nilisema nisamehe. Nilisema mengine pia, mengi, siyakumbuki, nilikuwa nalia. Nilitaka aniambie kwamba ningenyamaza ingepotea, kwamba angalau nilisema kwa wakati. Hilo alikuwa analijua kama ninavyolijua, na hakulisema.

Aliishusha barua hadi mwisho, mahali ambapo mimi sikuwa nimefika. Helena aliandika kwamba akitaka kuendelea anakaribishwa, ila aanze tena kwa mtihani wa wanaoanza, ambao sasa wameubadilisha na kuweka zile pana zilizopauka.

Stamili aliinuka, nikadhani anaondoka. Alikwenda kwenye kona nilikokuwa nimeegemeza kiti cha wateja, akakiburuta hadi mbele ya kompyuta, akakiweka kando ya kile alichokuwa amekalia.

"Kaa," akaniambia. "Na wewe unaanza."

Nilifunga mlango wa duka, watu wako nje, nikakaa. Swali la kwanza tulihesabu hadi kumi, tukatazamana, tukabonyeza hapana. Tulikosa wote wawili.